Diski ya mizunguko 7200 au SSD: ipi itaipa ThinkPad T430 kasi?

Mwalimu wa Pongwe:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaomba ushauri kabla sijatoa fedha, kwa sababu nimekwishapewa majibu mawili yanayopingana na watu wawili ambao wote ninawaamini.

Ninatumia kompyuta mpakato aina ya ThinkPad T430 niliyoinunua ikiwa imekwishatumika. Ina prosesa ya Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 8, na diski ngumu ya gigabaiti 500 inayozunguka mara 5400 kwa dakika. Kazi zangu si nzito: ninatunga mitihani, ninaandaa matokeo ya wanafunzi kwenye Excel, ninafungua barua pepe na kurasa chache za intaneti, na nimehifadhi video za masomo ya sayansi ambazo huwaonyesha wanafunzi kwa projekta. Tatizo ni kwamba nikiiwasha asubuhi, ninaweza kuinjika maji, kukoroga chai na kunywa nusu kikombe kabla haijakubali kufungua faili la kwanza. Muda wote huo kile kijitaa cha chini ya kioo chenye alama ya pipa huwaka bila kupumzika, na ukitega sikio karibu na mahali pa kuwekea kiganja cha kulia unaisikia diski ikikwaruza kama panya ndani ya gunia la mahindi.

Fundi mmoja wa hapa mjini amenishauri nichukue diski ya terabaiti 1 inayozunguka mara 7200 kwa dakika. Anayo tayari, imetumika kidogo, na bei yake inakaribiana sana na bei ya SSD mpya (diski ya chipu, isiyozunguka) ya gigabaiti 240. Anasema SSD hufa ghafla bila kuaga, tena kwa umeme wetu huu wa kukatika kila mara haiwezi kudumu. Kijana mmoja wa ofisi ya taaluma, kwa upande wake, anasema ninunue SSD na nisisikilize mtu mwingine, lakini nilipomuuliza sababu alinijibu tu kwamba "ndiyo mambo ya kisasa".

Kwa hesabu yangu, kutoka 5400 kwenda 7200 ni ongezeko la theluthi moja ya kasi, na juu yake ninapata nafasi mara mbili ya niliyonayo. Kwa mtu wa kazi ndogondogo kama mimi, hilo si haba. Je, kuna mahali nimekosea?

Fundi Ilala:

Mwalimu, hesabu yako ni sahihi, ila umepima kitu ambacho sicho kinachokuchelewesha.

Diski yako ni sahani zinazozunguka, na juu yake kuna mkono wenye kichwa cha kusomea, mfano wa mkono wa santuri za zamani. Kompyuta ikitaka kipande cha faili, mambo mawili lazima yatokee kabla hata herufi moja haijasomwa. Kwanza mkono usogee hadi kwenye mstari unaohusika, na kwa diski za kompyuta mpakato safari hiyo huchukua wastani wa milisekunde 12 hivi. Pili, kichwa kikishafika hukaa kikisubiri sahani izunguke mpaka kipande chenyewe kipite chini yake, na kwa wastani kitasubiri nusu ya mzunguko. Sahani ya 5400 huzunguka mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo nusu ya mzunguko ni milisekunde 5.6. Sahani ya 7200 huzunguka mara 120 kwa sekunde, na nusu yake ni milisekunde 4.2.

Sasa jumlisha mwenyewe. Diski yako ya leo hutumia kama milisekunde 17.6 kufikia kila kipande, na hiyo unayouziwa itatumia kama 16.2. Ile theluthi moja uliyoipigia hesabu imeyeyuka na kubaki chini ya sehemu moja ya kumi, kwa sababu mkono hausafiri kwa kasi zaidi eti kwa vile sahani inazunguka kwa kasi zaidi. Ni sawa na kusema diski ya kwanza huchukua vipande 57 kwa sekunde na ya pili huchukua 62. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika huku na huko, na huo mkwaruzo unaousikia ndio mkono wenyewe ukihangaika kuvikusanya kimoja kimoja.

SSD haina mkono wala sahani. Kipande kidogo cha kilobaiti 4 hufikiwa kwa takribani sehemu moja ya kumi ya milisekunde, maana yake vipande kama 10,000 kwa sekunde hata vikiombwa kimoja baada ya kingine. Watu hutangaza SSD kwa megabaiti 550 kwa sekunde na kuzilinganisha na 100 hivi za diski ya kawaida, kisha mnunuzi anadhani atapata mara tano. Hizo ni namba za faili kubwa linalosomwa mfululizo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa kazi yako ya asubuhi ulinganisho unaokuhusu ni 57 kwa 10,000.

Kuhusu umeme: kompyuta mpakato yenye betri nzima haijui kwamba umeme umekatika, kwa hiyo diski nayo haijui. Kama betri yako imekufa na unaitumia kwa waya tu, hatari ipo kwa diski za aina zote mbili, na dawa yake ni betri.

Kabla hujanunua chochote, naomba ufanye mambo mawili. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati kompyuta imeelemewa, ingia sehemu ya Performance, kisha utuandikie namba za Disk na za Memory, yaani RAM. Halafu pakua programu ya bure ya kupima afya ya diski iitwayo CrystalDiskInfo, uangalie mstari wa 05 (vipande vilivyokufa vikabadilishwa na vya akiba) na mstari wa C5 (vipande vinavyotiliwa shaka). Huo mkwaruzo unaweza kuwa wa kawaida, lakini sipendi kuukisia kutoka Dar es Salaam.

Mvita:

Naomba kutofautiana kidogo na Fundi, si kwa hesabu zake bali kwa namna zinavyotumiwa kuipuuza diski ya kuzunguka kana kwamba haina kazi tena.

Mimi niko Mombasa, na kazi yangu ni kupiga picha za video za harusi. Faili moja la kamera yangu lina gigabaiti kadhaa, nalo husomwa mfululizo kuanzia mwanzo hadi mwisho bila mkono kurukaruka, kwa hiyo huko kasi ya mzunguko huonekana wazi. Nilipotoka kwenye diski ya 5400 nikaingia ya 7200 niliona nafuu katika kunakili na katika kutazama, na gharama ya kila gigabaiti bado iko chini mno kuliko ya SSD. Mwalimu amesema ana video za masomo. Akinunua SSD ya 240 video hizo ataziweka wapi?

Jambo la pili ni RAM. Nimeona watu wengi wakilaumu diski ilhali kosa ni la RAM ya gigabaiti 4 iliyojaa, hata Windows ikalazimika kuhamishia mizigo kwenye diski kila dakika. Mtu wa namna hiyo akiweka SSD ataona nafuu, naam, lakini atakuwa ameficha ugonjwa. Mwalimu ana 8, huenda hayumo katika kundi hilo, ila ni vyema namba za Memory zionekane kwanza.

Nionye pia, kwa kuwa mtu akienda dukani lazima ataonyeshwa: zile diski nyembamba za milimita 7 zenye terabaiti 1 au 2 nyingi huandika data kwa mistari inayolaliana kama vigae vya paa. Kusoma hakuna shida. Lakini ukizijaza kisha uanze kurekebisha faili za zamani, kila badiliko dogo huilazimisha diski kuandika upya mistari ya jirani, na kasi hushuka vibaya sana. Kwa kuhifadhia video usizozigusa zinafaa, ila kwa kuwekea Windows siwezi kumshauri hata adui yangu. Kwa hiyo si kila diski yenye nafasi kubwa ni jibu, nakubali.

Mwalimu wa Pongwe:

Ninawashukuru sana. Nimefanya kama nilivyoelekezwa, na majibu yamenitia hofu.

Dakika mbili baada ya kuwasha, Disk ilikuwa asilimia 100 na ikakaa hapo hapo, huku kasi ya kusoma ikiwa megabaiti 1.8 tu kwa sekunde. Sehemu ya Average response time, yaani wastani wa muda wa diski kujibu, ilikuwa ikipanda na kushuka kati ya milisekunde 400 na 900. Memory ilikuwa gigabaiti 4.1 kati ya 8, kwa hiyo nadhani RAM haina hatia. Hata hivyo CrystalDiskInfo imeonyesha rangi ya njano na neno Caution, mstari wa 05 una sifuri, na mstari wa C5 una 8.

Nimehesabu pia mafaili yangu. Jumla ni gigabaiti 290, na kati ya hizo 210 ni video. Yaliyobaki yangetosha kwenye SSD ya 240, nami nilikwishaanza kupanga kwamba hii diski ya zamani niitoe, niiweke kwenye nafasi ya DVD kwa kutumia kile kibebeo kinachouzwa, na video zikae humo. Je, mpango huu bado unasimama?

Fundi Ilala:

Hapana, haujasimama, na leo usiku usilale kabla hujanakili matokeo ya wanafunzi mahali pengine.

C5 ni idadi ya vipande ambavyo diski imejaribu kuvisoma ikashindwa na sasa imeviweka pembeni, haijaamua kama ni vizima au vimekufa. Vinane si vingi. Wapo watu wanaotumia diski ya namna hiyo miaka miwili bila neno, na wapo ambao wiki ya pili wanakuta hamsini. Wewe huna njia ya kujua uko kundi lipi. Huo muda wa milisekunde 400 hadi 900 nao umeeleweka sasa: diski nzima ya 5400 hata ikilemewa na foleni ya maombi huwa inajikongoja, lakini hii yako kila ikigonga kipande kibovu hurudia kukisoma tena na tena, na maombi mengine yote yanasimama nyuma yake.

Kwa hiyo mambo matatu yamebadilika. Kwanza, usinakili diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye SSD kwa programu za kunakili, kwa sababu zitakwama kwenye vile vipande au zitakuhamishia faili zilizoharibika pamoja na nzima. Nakili faili zako tu, ukianza na zile ambazo huwezi kuzipata tena popote, kisha weka Windows upya kwenye SSD. Pili, diski hii haifai kuwa makao pekee ya kitu chochote, hata video. Tatu, SSD ya 240 haikutoshi tena, na hapa Mvita alikuwa na haki kuuliza lile swali la nafasi. Tafuta ya 480 au 500, ambayo itabeba gigabaiti 290 zako na kukuachia pumzi. SSD iliyojazwa hadi ukingoni hupungua kasi, kwa hiyo ile nafasi tupu isikuume.

Mhasibu wa Moshi:

Shikamooni. Mimi si fundi, lakini nimebadilisha diski za kompyuta tano za ofisini kwetu kwa mikono yangu na nimekwishapoteza fedha mara moja, kwa hiyo naomba niseme juu ya ipi ya kuchukua, kwa kuwa neno SSD limefunika vitu visivyolingana.

Hofu ya kwamba SSD huisha kwa kuandikwa ina ukweli ndani yake, ila inapimika. Kila mtengenezaji anayejiheshimu huandika ni terabaiti ngapi zinaweza kuandikwa ndani ya muda wa dhamana, na namba hiyo huitwa TBW. Kingston A400 ya gigabaiti 240, ambayo ni ya bei ya chini, imepewa 80. Mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku, ambazo ni nyingi kwa kazi za Excel, atazimaliza baada ya siku 4000, yaani karibu miaka 11. A400 ya 480 imepewa 160, Crucial BX500 ya 480 imepewa 120 na dhamana ya miaka mitatu, Crucial MX500 ya 500 imepewa 180, na Samsung 870 EVO ya 500 imepewa 300, hizi mbili za mwisho zikiwa na dhamana ya miaka mitano. Kwa gigabaiti 20 kwa siku, 870 EVO ingechukua miaka 41. Kabla haijaisha, kompyuta yenyewe itakuwa imekwenda kwa wauza vyuma chakavu.

Tofauti nyingine haionekani kwenye boksi. MX500 na 870 EVO zina chipu ndogo ya kumbukumbu ambamo SSD huweka daftari lake la kuonyesha kila data iko wapi, ilhali A400 na BX500 hazina, na daftari lao hukaa katika hifadhi ile ile ya polepole. Kwa mtu anayefungua Word na Excel hatatambua. Atatambua siku anaponakili gigabaiti 60 kwa mkupuo: mwanzoni zinakwenda mbio, kisha sehemu ya haraka ya kupokelea iliyomo ndani ya SSD, ambayo si ile chipu ya daftari, inajaa, na kasi inaporomoka mpaka anadhani kifaa kimeharibika. Kwa maoni yangu, Mwalimu anayehamisha video mara mojamoja tu anaweza kuishi na ya bei ya chini bila kujuta, lakini kama tofauti ya bei ni ndogo aongeze.

Sasa zile fedha nilizopoteza. Nilinunua katika duka moja ambalo sitalitaja SSD ya nje iliyoandikwa terabaiti 2, kwa bei ambayo ilipaswa kunishtua nisishtuke. Windows iliionyesha kuwa na terabaiti 2 kamili. Nikapakia mafaili ya miaka mitatu, nikayaona majina yake yote yamepangika vizuri, lakini nilipofungua ya karibuni yakakataa. Nilipobandua kifuniko kwa kucha nikakuta kadi ndogo ya kumbukumbu, ya aina ile ya kuweka kwenye simu, imebandikwa kwa gundi juu ya ubao mdogo. Ilikuwa imedanganya ukubwa wake na ilipojaa ikaanza kuandika juu ya yaliyokuwamo. Tangu siku hiyo sipokei kifaa cha kuhifadhia bila kukipima kwa H2testw, ambayo hukijaza chote kisha husoma tena ilichoandika ikilinganisha. Kwa gigabaiti 500 inachukua muda, unaweza kuiacha usiku. Ipimeni kabla hamjaweka kitu, na risiti itunzwe.

Kijana wa Dodoma:

Samahani kwa kuingilia. Mimi natumia HP EliteBook 840 G3 na nimeona SSD ndogo nyembamba kama kipande cha bazoka, wanasema ni ya megabaiti 3500 kwa sekunde. Je, Mwalimu naye asichukue hiyo badala ya hizi za 550?

Fundi Ilala:

Hiyo ni NVMe, aina ya SSD inayopita njia ya kasi zaidi, na wewe unaweza kuiweka, kwa sababu 840 G3 ina nafasi ya M.2 (ya SSD nyembamba) ya 2280, yaani ya upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Angalia tu mdomo wake: yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili kwa kawaida ni SATA (njia ya zamani zaidi ya diski) ya umbo lile lile, nayo haipiti zile 550. Soma maandishi ya lebo pia, usitegemee pengo peke yake.

Mwalimu hana mahali pa kuiweka. T430 ni ya mwaka 2012, ina nafasi ya diski ya inchi 2.5 kwa SATA ya gigabiti 6 kwa sekunde, na ina nafasi ndogo ya mSATA, ya SSD za umbo la kadi, ambayo inakwenda nusu ya hapo, sawa na ile ya DVD. Ndiyo maana SSD yake lazima ikae katika nafasi kuu. Wala asisikitike: kutoka sahani kwenda SATA ni safari ya 57 hadi 10,000, lakini kutoka SATA kwenda NVMe, kwa mtu wa Excel na barua pepe, tofauti ni ya kutafuta kwa saa ya mkononi.

Kuhusu kuiweka, T430 ni rahisi kuliko kompyuta nyingi za siku hizi. Izime kabisa, toa waya, toa betri. Upande wa chini kuna kifuniko kidogo kinachoshikwa na skrubu moja. Kikitoka utaona ulimi wa plastiki, uvute kwa upole na diski itateleza nje ikiwa imevaa mipira miwili ubavuni. Hamishia mipira hiyo kwenye SSD, sukuma mpaka uhisi imekaa, rudisha kifuniko. Kisha washa, bonyeza F1 kuingia kwenye mipangilio, nenda Config, halafu Serial ATA, uhakikishe imeandikwa AHCI (namna ya kompyuta kuwasiliana na diski) kabla hujaweka Windows. Ukimaliza, fungua Command Prompt na uandike fsutil behavior query DisableDeleteNotify. Jibu likiwa sifuri maana yake Windows inaiarifu SSD kila faili linapofutwa, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Neno la pembeni: Windows 10 ilikoma kupewa marekebisho ya bure ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa ya kizazi cha tatu haimo katika orodha ya zinazokubaliwa rasmi na Windows 11. Kwa kuwa unaweka mfumo upya, hapo ndipo pa kufikiria Linux Mint, mfumo wa bure wa kuwekwa badala ya Windows, kama Excel yako haina mambo mazito. Ila hilo ni uzi wake peke yake.

Mwalimu wa Pongwe:

Ninarudi na taarifa baada ya siku tisa.

Nilinunua 870 EVO ya gigabaiti 500 kwa bei ya juu kidogo kuliko nilivyokusudia, nikaipima usiku kucha kwa H2testw kupitia kava la USB, na asubuhi ikasema haina kosa. Faili zangu zote zilinakilika isipokuwa video mbili za kemia na karatasi moja ya mtihani wa muhula wa mwaka juzi, ambazo nakisia ndizo zilizokalia vile vipande vinane. Karatasi niliipata kwa mwalimu mwenzangu.

Kazi ya bisibisi ilinichukua dakika kumi na tano, kati ya hizo kumi zikiwa za kutafuta skrubu iliyodondoka chini ya mkeka. SSD ni nyembamba kuliko diski niliyoitoa, milimita 7 dhidi ya 9.5, kwa hiyo ilipoingia ilikuwa ikicheza ukiitikisa. Nilikata kipande cha kadi ngumu ya mwaliko wa harusi nikakibandika juu yake, na sasa imetulia. Mvita anisamehe kwa matumizi hayo ya kadi.

Kutoka kubonyeza kitufe hadi jedwali la matokeo kufunguka ni sekunde 31. Jana nilikuwa nimeinjika maji kwa mazoea, na nilimaliza kuingiza alama za mkondo mzima wa kidato cha pili kabla sufuria haijachemka. Kijitaa cha pipa huwaka mara mbili tatu kisha hunyamaza, na ule mkwaruzo haupo. Bado sijazoea ukimya huo.

Swali langu la mwisho ni hili. Yule fundi wa kwanza amesikia nimebadilisha, naye anataka kuinunua ile diski ya zamani. Niliifanyia format kamili, si ile ya haraka, na CrystalDiskInfo sasa inaonyesha C5 ni sifuri na mstari wa 05 umekuwa 8. Je, ina maana imepona?

Fundi Ilala:

Haijapona. Ulipoiandika yote upya, diski iliamua kwamba vile vipande vinane vimekufa, ikavifuta katika hesabu yake na kuweka vya akiba mahali pao. Ndiyo sababu namba imehama kutoka mstari mmoja kwenda mwingine. Ikiendelea kuwa 8 kwa miezi, unaweza kuitumia kama nakala ya pili ya video ambazo nakala yake ya kwanza iko kwenye SSD. Ikipanda hata moja, itupe.

Kwa upande wa siri za wanafunzi, format kamili ya Windows 10 huandika sifuri katika sehemu yote iliyofanyiwa format, kwa hiyo kama uliifanyia sehemu zote za diski, matokeo yao hayasomeki tena humo. Ukitaka kumuuzia, muuzie, ila mwonyeshe mstari wa 05 na umwombe amwonyeshe na atakayemuuzia yeye. Na ile diski yake ya terabaiti 1 "iliyotumika kidogo", je, ulipata kuiangalia mstari huo?

Mwalimu wa Pongwe:

Nilimwomba niiangalie. Akasema imekwishapata mteja.